Maandishi Hayapandi, Maji Hayashuki

Redio ya Mama Birika, muuza kahawa wetu, ndiyo iliyochokoza. Msemaji wa ofisi ya maji alitangaza, kwa sauti ya kubembeleza mtoto, kwamba maji yaliyokatika tangu juzi yatarudi "mara tu skrini itakapomaliza kuandika." Kisha wakatuwekea muziki.

"Skrini inaandika nini?" Wembe aliuliza. Huyu ni kinyozi, kibanda chake kimeegemeana na benchi letu la kahawa, na asubuhi hiyo alikuwa amenyoa watu kavukavu mpaka wanatoka wakijifuta machozi. "Mimi nataka maji, skrini inaandika. Iko kwenye mtihani?"

"Labda mwandiko mbaya, inarudia," alisema Mjomba Breki, dereva mstaafu wa lori ambaye hajawahi kukubali kuwa kuna kitu asichokijua.

"Nyie chekeni," Mama Birika akasema. "Maji yaliyobaki ni haya ya kwenye birika. Yakiisha nitawamiminia hadithi."

Hapo ndipo akatokea Kebo, fundi kompyuta wa hiyohiyo ofisi ya maji, macho mekundu, shati limechomoka.

"Huyo hapo! Mkamateni!" Wembe aliruka na wembe mkononi.

"Jamani, ninywe kwanza."

"Unywe maji ya nani?" Mama Birika akakivuta kikombe kifuani.

Kebo akakaa. "Sikilizeni. Tumeletewa mtambo mpya. Unakagua mita moja moja, ukimaliza unafungulia maji mji mzima. Kukagua kwenyewe ni kufumba na kufumbua. Ila mkurugenzi ametundika skrini kubwa ukutani, anataka kila mita iandikwe pale, ajionee. Na mtambo haugusi mita ya pili mpaka mstari wa ile ya kwanza uonekane."

"Si uonekane, basi?"

"Hapo ndipo penye ugonjwa. Mstari mpya ukiingia chini, mistari ya juu lazima ipande. Ile skrini haijui kupandisha tu. Inafuta yote, inachora yote upya. Mstari mwingine, inafuta, inachora."

Mjomba Breki alikunja uso. "Yaani napigilia msumari mmoja, napaka rangi nyumba nzima?"

"Ndiyo hivyo, mjomba."

"Nikija na msumari wa pili?"

"Unapaka tena."

Mjomba alivua kofia kama aliyefika msibani.

"Na mkurugenzi yuko wapi muda wote huo?" nikauliza.

"Amekaa mbele ya skrini, anatikisa kichwa kwa raha. Anasema hajawahi kuona ofisi ikichapa kazi namna hii."

"Kwa hiyo mji mzima tuna kiu kwa sababu mtu mmoja anatazama!" Wembe akapiga benchi.

Mama Birika akasonya. "Mume wangu akisimama jikoni kunikodolea macho, chakula kinaungua. Namtoa nje, kinaiva. Mtoeni!"

Tulicheka. Kebo hakucheka. Aliinuka polepole, akatoa simu, akampigia mwenzake wa ofisini.

"Dada, mkuu yupo? Mwambie getini kuna mwandishi wa habari anataka kumpiga picha." Akasubiri. "Anakimbia? Haya, lifiche lile dirisha la maandishi. Lifiche tu, usilifunge! Mtambo uendelee bila kuonyesha kitu."

"Yaani unauziba macho?" Wembe alisema. "Huo ni uganga, siyo ufundi."

Hajafika mbali na dhihaka zake, bomba la ukutani pa kibanda chake likakohoa, likatema kutu, kisha maji hayoo! Wembe aliingiza kichwa kizima chini yake. Mama Birika alipiga kigelegele akikimbilia ndoo. Mjomba Breki akamkumbatia Kebo na kumwita mwanangu, yeye aliyemwita mwizi tangu juzi nyuma ya mgongo wake.

Simu ya Kebo ikaita. Sauti ya mkurugenzi tuliisikia sote:

"Nani ameruhusu kazi iishe mimi sipo?"

Kebo alisimama wima kama vile simu ina macho. "Samahani, mkuu... Ndiyo, mkuu... Sawa, mkuu." Akakata, akatutazama kwa huruma. "Mchana anakuja mgeni rasmi. Mkuu anataka ayaone maandishi yakipanda. Wanaanza upya sasa hivi, wafanye mazoezi."

"Kuanza upya ndiyo kufanyaje?" Mama Birika akauliza, ndoo yake ikiwa haijafika nusu.

"Hatua ya kwanza ni kufunga maji yote."

"Ah, basi tuna muda," Mjomba Breki akasema, akijinyoosha kwenye benchi. "Si mpaka imalize kuandika?"

"Hapana, mjomba," Kebo akajibu. "Kufunga hakuandikwi."

Bomba likakauka.