Mimi Ndimi Mpango wa Koplo Mwaringa

Nyevu Mwaringa,
Kibarani, Kilifi.
Jumanne asubuhi, Mzee akiwa amepitiwa na usingizi.

Kwa Msimamizi Mkuu,
Dawati la Matunzo ya Wanajeshi Wastaafu,
Malindi.

Mheshimiwa Msimamizi,

MINTARAFU: OMBI LA KUANDIKISHWA JESHINI, KITUO CHA KAZI KIWE NYUMBANI KWANGU

Sijui umri wako, lakini heshima si utumwa, kwa hivyo nakuamkia: shikamoo. Natumai u mzima, na kwamba ile feni ya chumba cha kungojea imepata fundi, maana siku tuliyokuja ilikuwa ikinguruma tu bila kuzunguka.

Mimi ni binti wa Koplo mstaafu Mwaringa Lewa, ambaye faili lake limo katika kabati lenu la kijani. Baba ana miaka themanini na minne. Kwa miaka ishirini na miwili aliendesha lori la maji la jeshi kule Garissa na Wajir, na wapo wanaume wazima leo ambao wasingekuwapo lau lori hilo lingechelewa. Mimi nina miaka hamsini na miwili. Ni fundi wa kushona sare za shule. Au tuseme nilikuwa, hadi miaka mitatu iliyopita Mzee alipotoka kwenda kununua kiberiti, akakutwa katikati ya daraja la Kilifi akiwaamuru madereva wa malori wapite mmoja mmoja. Madereva wakamtii. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Tangu siku hiyo cherehani yangu imefunikwa shuka, nami niko kazini kwa baba.

Nina malalamiko machache na ombi moja. Nimeyatia nambari ili yasiwasumbue.

1. Kuhusu fomu. Fomu yenu ya kuomba matunzo ya mstaafu aliyepoteza kumbukumbu yataka mstaafu mwenyewe afike ofisini ajieleze. Nilidhani ni makosa ya chapa. Lakini sheria ni sheria, na mwezi wa Machi nikamleta. Asubuhi hiyo, nilipokuwa nikimvalisha suruali, baba aliniuliza mimi ni nani, na ni nani aliyenipa ruhusa ya kushika nguo za serikali. Kwa maoni yangu, hapo fomu ilikuwa imekwisha kujazwa.

Ofisini tulipokewa na Bwana Gitau, kijana mwenye adabu, na sina neno naye. Alimwamkia Mzee, akamkalisha, akamuuliza swali la kwanza: "Mzee, unaikumbuka namba yako ya jeshi?"

Babangu akasimama. Akakutanisha visigino, akapiga saluti, akaitaja namba nzima bila kumeza mate. Akaendelea na kikosi chake, namba ya lori, jina la afisa aliyemkabidhi ufunguo, na kasoro ya breki ya nyuma ambayo, alisema, ameiripoti mara mbili na hajajibiwa. Bwana Gitau naye alikuwa amesimama. Sidhani alijua kwamba amesimama. Halafu akaketi, akaandika: "Kumbukumbu ni timamu."

Nikamwambia, "Bwana Gitau, basi muulize mimi ni nani wake."

"Mama," akanijibu kwa huruma, "fomu haina swali hilo."

Tulipokuwa tukishuka ngazi, baba alinishika mkono akaniuliza kama kwetu wanajua nilipo, wasije wakaingiwa na wasiwasi. Nikamwambia wanajua.

2. Kuhusu mpango. Mwezi wa Mei nikarudi peke yangu. Bwana Gitau alilitoa faili, akalipekua hadi chini kabisa, akapata karatasi ambayo baba aliijaza siku aliyostaafu. Juu yake imeandikwa: "Mpango wa matunzo ya uzeeni. Nani atakutunza utakaposhindwa kujitunza?" Chini, kwa mwandiko wa babangu wenye herufi zilizosimama kama gwaride, neno moja: Nyevu.

"Unaona, mama," alisema Bwana Gitau, na uso wake ukanawiri kama wa mtu aliyempatia mwenzake habari njema. "Mpango upo. Sisi tunaanza na wale ambao hawana mpango."

Niliitazama tarehe. Nilikuwa darasa la saba. Siku hiyo, kwa kadiri ninavyokumbuka, wasiwasi wangu mkubwa ulikuwa hesabu za sehemu. Hakuna aliyeniita, hakuna aliyeniuliza. Kaka yangu Joram, kifungua mimba, tayari alikuwa ameota ndevu, yeye hakuandikwa. Nimesoma, nimeolewa, nimezaa wawili, nimezika mama, na muda wote huo nilikuwa mpango wa mtu katika kabati la kijani mjini Malindi.

3. Kuhusu daraja langu. Jambo hili nimelifikiri sana nikifua. Kama nimo katika faili la jeshi, na faili lina muhuri, basi mimi ni wa jeshi. Sioni njia nyingine ya kulisoma. Na kama mimi ni wa jeshi, mbona sihudumiwi? Baba, alipokuwa bado anasimulia, alituambia kwamba lori la maji halikuruhusiwa kwenda safari ya tatu bila kulazwa siku nzima. Lilikaguliwa, lilitiwa mafuta, liligongwagongwa magurudumu. Likiharibika njiani, lililetwa jingine. Mimi nimekwenda safari elfu moja na kitu, na hakuna aliyenigonga gurudumu hata moja.

Kazi yenyewe si ya kiraia. Saa kumi na moja alfajiri Mzee hukagua kitanda changu. Shuka likiwa na mkunjo, nalitandika upya. Uji haunywi hadi nimpigie saluti, na saluti ikiwa legevu narudia, uji unapoa, kisha nalaumiwa kwa kuleta uji uliopoa. Ameniita Kuruti kwa mwaka wa pili sasa. Sitaki cheo kikubwa, Mheshimiwa. Kuruti chatosha. Nataka tu kiandikwe.

4. Kuhusu raia walioko katika eneo la operesheni. Mume wangu, Mutuku, ni mtu wa Kitui, fundi wa kuchomelea vyuma, mpole kupita kiasi. Kila jioni akirudi, Mzee humsimamisha mlangoni na kumdai pasi. Mutuku alikata kipande cha boksi la sabuni, akajiandikia pasi, akatia na tarehe ili ipendeze. Ilipita vizuri hadi mwezi wa Julai. Mwezi wa Julai Mzee aliisoma ile tarehe, akakuta imekwisha kupita. Mume wangu, aliyeijenga nyumba hiyo kwa mikono yake, alikula chakula chake nje amekaa juu ya ndoo, na Mzee, ambaye si mtu mbaya, akamtolea maji ya kunywa na kumwambia asijali, makao makuu watamsikiliza. Naomba muwe makao makuu hayo. Mpeni Mutuku pasi isiyo na tarehe.

5. Kuhusu mtoro. Joram anaishi Mtwapa. Hupiga simu kila Jumapili baada ya ibada na kuniambia, "Mwambie Mzee nampenda." Namwambia. Mzee huuliza Joram ni wa kikosi gani.

Mwaka jana alikuja. Alikuwa amevaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri, na Mzee akamdhania ni afisa mkubwa aliyekuja kukagua. Akainuka kwa taabu, akampigia saluti, akabaki hivyo, akingoja aambiwe apumzike. Joram alilia, akatoka nje, na kabla ya wali kuiva alikuwa amekwisha kuondoka. Ni mimi niliyemwambia baba, "Pumzika, Koplo," ndipo akaushusha mkono.

Jioni Joram alipiga simu. "Dada, siwezi kumtazama baba katika hali ile."

Mimi pia siwezi, Mheshimiwa, ila sijaonyeshwa pa kuyaweka macho.

Kwa hivyo naomba askari wenu wa kuwakamata watoro waende Mtwapa wamlete. Wasimpige, ana kisukari. Wamlete tu amalize zamu yake.

6. Mgongo wangu. Nimesahau kuuweka juu huko, basi na ukae hapa. Uliteguka nilipomnyanyua Mzee bafuni siku ya Pasaka. Unauma.

Sasa ombi. Naomba niandikishwe, na nikishaandikishwa nipewe haki ya kila askari, yaani likizo. Siku kumi na nne. Sitaki kwenda mbali. Nina shangazi Rabai ambaye ni kiziwi, na kwa wakati huu simwoni mtu mwingine ninayemhitaji. Nitalala. Nitaamka, kisha nitalala tena. Nitakunywa chai ikiwa ya moto. Kwa siku kumi na nne hakuna atakayeniuliza mimi ni nani, nami nitapata nafasi ya kujiuliza mwenyewe.

Nikinyimwa, sitakuwa na budi kufuata utaratibu wa kijeshi wa kurudisha mali. Siku ya Ijumaa, saa mbili asubuhi, nitamfikisha Koplo Mwaringa mlangoni kwenu akiwa amenyolewa na viatu vimepigwa rangi, pamoja na mfuko wa nguo, chupa ya uji, na orodha ya kasoro zake. Mtatia sahihi kwamba mmempokea. Nguo nimekwisha kuzifua. Ziko kambani ninapoandika, na upepo ni mzuri.

Msione kwamba natisha. Nimechoka tu, na mtu aliyechoka huandika vizuri kuliko anavyosema.

Nisalimieni Bwana Gitau, na mwambieni simlaumu. Msalimieni askari wa langoni aliyempa Mzee kiti chake akasimama yeye juani, na yule mama wa chai aliyempulizia kikombe bila kuombwa. Wasalimieni na wake zenu, na waume zenu, na wote walioandikwa katika makabati yenu bila kujua. Mutuku anawasalimu kutoka nje.

Nabaki wenu katika utumishi nisiouomba,

Nyevu Mwaringa
(Kuruti)

Tanbihi. Leo ni Alhamisi. Barua hii ilikuwa juu ya meza ikingoja mtu wa kuipeleka posta, gari lilipofika mlangoni. Akashuka nesi, Trizah kwa jina, msichana wa bara mwenye sauti ya chini. Kumbe Bwana Gitau, tangu siku ile ya mwezi wa Mei, amekuwa akiandika barua kila mahali bila kutuambia, na sasa amepata nafasi katika nyumba ya kulelea wazee huko Malindi. Siku kumi na nne, kitanda chenye vizuizi pembeni, daktari kila asubuhi. "Nimekuja kumchukua Mzee," alisema Trizah. "Wewe upumzike, mama."

Nilimuuliza kama huko wanajua kwamba maji ya kuoga huanzia miguuni, si kichwani, la sivyo anapiga kelele. Akasema watajifunza. Nilimuuliza kama wanajua kwamba hupewa kijiko mkono wa kushoto. Akasema wataandika. Nikatazama kiti cha nyuma cha lile gari, jinsi kilivyokuwa kipana.

Nikamwambia kwamba Mzee amesafiri Kaloleni, matangani, na sijui atarudi lini.

Mzee alikuwa amekaa barazani, hatua mbili kutoka tuliposimama. Trizah akamtazama, kisha akanitazama mimi. "Na huyu ni nani?"

"Huyu ni mgeni," nikasema.

"Ni kweli," baba akadakia, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi. "Mimi ni mgeni tu hapa. Lakini nakwambia, binti, watu wa nyumba hii ni wema. Sijui nitawalipa nini."

Trizah aliomba maji, akayanywa yote, akarudisha kalamu mfukoni.

Kwa hivyo, Mheshimiwa, naomba yote niliyoyaandika hapo juu yahesabiwe kama hayakuandikwa. Naituma barua hii kwa sababu tu nimekwisha kuandika anwani juu ya bahasha.

Trizah amesema atapita tena Jumatatu, kuuliza kama Mzee amerudi kutoka matangani. Nimemwambia apite, na akitaka ashinde kutwa. Ila asije na gari.