Dume Anayetetemeka

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Newala.

Mke wangu Veridiana bado yuko Ndanda kwa dada yake. Leo tena wameniuliza ofisini Mama Sia yuko wapi. Nimesema yuko mafunzoni. Mafunzo gani marefu hivyo, wakauliza. Nikajifanya napokea simu.

Niweke mambo sawa. Niliosha pikipiki yangu kwa maji ya mwisho ya nyumba, basi. Ni kweli bomba lilikuwa kavu. Ni kweli alikuwa ameyapangia foleni tangu alfajiri. Lakini mkuu wa nyumba hawezi kwenda kikaoni na pikipiki yenye vumbi! Anataka niseme nisamehe. Neno moja tu, eti. Sitalisema. Ila nyumba imekuwa kimya mno, na ugali ninaoupika mwenyewe hauliki.

Nimepata njia. Mwaka jana kwenye hoteli moja Mtwara alisimama mbele ya tangi la samaki, akawatazama wale wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, akacheka mpaka nikaona haya. Nitaleta jozi sebuleni. Atarudi mwenyewe. Neno halitahitajika.

Rafiki yangu Abdulrazaki huvua samaki wa mapambo hukohuko Mtwara. Ameshauri nichukue mkubwa mmoja na mdogo mmoja. Mkubwa ndiye jike, anasema. Upuuzi! Nimeagiza wawili wakubwa, wenye hadhi sawa.

Alhamisi, 11 Septemba

Wamefika kwa basi la kupitia Tandahimba, pamoja na madumu ya maji ya bahari. Tangi la kioo lilikuwa tayari. Nimewapa majina: Baba na Mama. Baba kamng'ata Mama hata sijakaa. Mama naye akamrudishia. Mapezi yamechanika. Nimewatenganisha kwa chujio la nazi.

Nimempigia Abdulrazaki. Hakushangaa. Wote wawili ni majike, na majike wawili hawakai tangi moja. Kila mmoja anataka kuwa mkubwa, na hakuna anayejishusha, mpaka mmoja afe. Nimemwambia samaki wake hawana adabu.

Jioni akaja jirani yangu Bi Esha, na ndoo. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba huku macho yakiwa kwenye tangi. Kumbe mtaa mzima unasema Baba Sia ameficha maji kwenye kabati la kioo. Nikaeleza kwamba ni ya chumvi. Hakuamini. Akachovya kidole, akaonja, akatema nje. Kisha akaomba kidogo ya kuchemshia mihogo. Nimempa yaliyobaki kwenye dumu.

Jumapili, 14 Septemba

Baba karudishwa Mtwara. Badala yake kaja mdogo, hazidi kidole cha mwisho. Mama akamkimbiza kila pembe. Nikajua leo tunazika. Lakini yule mdogo akajilaza ubavu mbele yake, akatetemeka mwili mzima. Mama akamwacha! Sasa wamelala pamoja kwenye kigae cha chungu.

Sijapata kuona dume asiye na msimamo kama huyu. Abdulrazaki anasema si woga. Ndivyo anavyomwambia mwenzake kwamba hakuja kugombana. Nimekaa nikiwatazama mpaka chai ikapoa. Nimemkumbuka sana Veridiana.

Jumamosi, 20 Septemba

Amekuja! Kafuata nguo zake, kasema, lakini habari za samaki alikuwa nazo. Kaleta na dumu la maji kutoka Ndanda, ambako maji hayana shida. Alipowaona samaki akacheka, kile kicheko cha Mtwara. Akauliza dume ni yupi. Nikasema yule mkubwa. Papo hapo mdogo akajilaza ubavu, akaanza kutetemeka. Veridiana akamtazama kwa muda. Si mjinga.

"Huyu mdogo ameshasema lake," akasema. "Na wewe, Baba Sia?"

Neno lilikuwa mdomoni. Nikamweleza kuhusu pampu ya hewa. Akasubiri. Nikamweleza na kuhusu chujio. Akafunga begi. Mlangoni akaniambia maji ya tangi yakipungua niongeze yale ya dumu, maana maji hukauka lakini chumvi hubaki, na siku nikiwa na la kusema, njia ya Ndanda ninaijua.

Nyumba kimya tena. Nimelia kidogo.

Jumapili, 21 Septemba

Nakwenda Ndanda. Nimeshindwa, nimekubali. Asubuhi nimefanya mazoezi mbele ya tangi: nisamehe, mke wangu. Sauti ilitetemeka na sikujali.

Lakini mtu haendi kwa shemeji zake kuomba radhi akiwa mchafu. Pikipiki ilijaa vumbi. Bomba kavu. Nimeiosha kwa lile dumu. Inang'aa!

Nilikuwa nafuta taa ya mbele Veridiana alipopiga simu. Hakulala, anasema, alikuwa akimfikiria yule mdogo. Neno nitalisema nikiwa tayari, yeye anarudi kwake. Ameshapita Masasi, vumbi limemjaa mpaka kwenye nywele. Lile dumu nisiwape samaki, nimwekee aoge.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi.

Bi Esha hana hata kikombe, nimeshauliza. Basi linakaribia. Nimetafakari kwa utulivu, na njia ipo. Nitasema tangi lilipungua ghafla. Samaki wameyamaliza maji yote, hasa yule jike, mkubwa vile. Neno halitahitajika.