Kobe wa Mama Mkwe Hapumui

Jumatatu, 3 Julai
Mama mkwe kaenda Montevideo kupasuliwa jicho. Nyumba hii ya Salto ni yake, bwawa la uani ni lake, na Perla, kobe wa majini waliyemlea na marehemu mumewe, ndiye roho yake. Perla akifa, kasema, mimi na mke wangu Graciela tuhame. Kisha akanikataza kumgusa mpaka baridi iishe. Ananiona mtoto! Nimechungulia. Perla kalala chini kwenye tope. Hatikisiki, hapumui. Nusura nizimie.

Jumanne, 4 Julai
Milton, jirani, kaegemea ukuta na chupa yake ya chai ya majani machungu kwapani, eti kobe wa huku hulala bwawani baridi yote, nimwache. Nani kamwuliza? Ana kobe wawili, anajifanya profesa! Nimemwaga birika zima la maji moto bwawani. Wapi! Watu wanatoka Ajentina kuja kuponyesha migongo kwenye chemchemi zetu za maji moto, halafu kobe wetu afe baridi?

Jumatano, 5 Julai
Nimempeleka chemchemi, ndani ya mkoba. Kaamka! Kaogelea kama mwendawazimu, kamuuma kidole cha mguu bibi mmoja wa Buenos Aires. Mlinzi kanitoa mbele ya watu, nimevaa chupi ya kuogelea tu. Mshenzi! Nimeokoa maisha, natolewa kama mwizi.

Alhamisi, 6 Julai
Daktari wa mifugo kanifokea. Eti Perla hakuwa anakufa, alikuwa usingizini, na hewa alikuwa akiipata humo humo majini. Sasa nimeshamwamsha, hawezi kurudi kwenye baridi. Akae ndani, maji ya joto, mpaka Septemba. Ndani wapi? Kwenye beseni letu la kuogea! Graciela kaninunia. Tunaoga kwa Milton. Kanipa taulo huku anacheka: aliyelala usimwamshe, jirani, ukimwamsha utalala wewe. Ningemtia ngumi, ila nilikuwa na sabuni machoni.

Jumapili, 9 Julai
Mama mkwe karudi, jicho moja limefungwa bendeji. Kwa lililobaki kanitazama mpaka nikasukuma sahani kando. Milton kanichongea, najua. Perla yu hai, hatuhami, lakini nani kanishukuru? Hakuna!

Daktari wa mama mkwe kaagiza alale, asitikiswe, maji yasifike jichoni. Kalala tangu mchana. Nimemgusa miguu: baridi! Nimemwita: kimya! Graciela yuko kwa Milton anaoga. Madaktari hawajui kitu. Nimemviringisha blanketi, gari linanguruma. Akifumbua jicho kule chemchemi, atanishukuru.