Baba Mudogo wa Kukodi

Jumatatu, 4 Mei 2026

Nyumba imekwisha. Vigae, feni, makochi ya ngozi ambayo hakuna anayeyakalia ila mimi. Tangu chisense yangu, dagaa wa ziwa hili, ishike soko la Lubumbashi, Kashikishi yote inaniita Bwana Didier. Isipokuwa Muzee Chisala, baba ya Dorica. Amesema haozeshi binti yake kwa mutu asiye na ukoo. Feza bila wazee ni moshi tu. Ukoo! Wangu ulitawanywa na vita, nikavuka ziwa peke yangu.

Jioni Dorica alipita na ndoo, akacheka na mutu mwingine. Nilichungulia mpaka akapotea. Lazima nipate muzee.

Jumatano, 6 Mei

Nimemupata! Apollinaire, anashona nyavu bandarini. Mvi safi, sauti ya shemasi. Nimemununulia kostimi, suti kamili, na viatu. Atakuwa baba yangu mudogo. Nilimufundisha ukoo: mashamba, ng'ombe, babu aliyekaa karibu na chifu. Akauliza mama yangu aliitwa nani.

Pierrette, nikasema. Hakuna aliyeniuliza hilo tangu nivuke. Nikageuka, nikajifanya naangalia mitumbwi.

Jumamosi, 9 Mei

Kwa Muzee Chisala. Apollinaire ni fundi! Alisimulia jinsi nilivyolilia kichwa cha samaki utotoni, jinsi Pierrette alivyonibembeleza. Uongo mutupu. Nikatamani asimalize. Chisala alicheka. Dorica akaleta bukari, ugali wetu, akaniangalia. Mimi!

Kasoro moja: Matildah, dada mujane wa Chisala, alimwongezea Apollinaire samaki mara nyingi mno.

Alhamisi, 14 Mei

Yesu wangu! Apollinaire amemuposa Matildah, na kostimi yangu mwilini! Chisala amekubali. Akanishika bega: "Mutoto wangu, sasa Matildah ni mama yako, Dorica ni dada yako. Si ulitaka ukoo?"

Dorica alikuwa mulangoni. Akaniita kaka. Kaka!

Apollinaire anataka tuungame pamoja kwa Chisala, hata kama yeye atakosa muke. Nikamuuliza kama ana wazimu. Mutu wa heshima kama mimi, nionekane mwongo?

Jumapili, 17 Mei

Kanisani nilikaa mbele, pamoja na ukoo. Dorica benchi moja na mimi, ananukia sabuni, na siwezi hata kumugusa mukono. Nyumbani feni inazunguka juu ya makochi matupu.

Lakini akili haikulala. Kesho naenda Chienge kutafuta muzee mwingine, mwenye mvi zaidi. Nitamulipa vizuri aje aape mbele ya Chisala kwamba Apollinaire si baba yangu mudogo. Na kwa kuwa atakuwa anasema kweli, hata Mungu hawezi kukasirika.