Ufunguo wa Kibanda cha Mbele

Jumatatu, 2 Juni 2003. Kitengela.
Mwalimu Nthenya ametangaza. Kibanda cha mbele cha karakana, kile kinachotazama barabara ya Namanga, hakina mtu. Atakayefaulu mtihani wa kuchomelea vyuma Jumamosi atapewa ufunguo. Tangu tulipofukuzwa Molo katika vurugu za kikabila za mwaka 1992 sijashika ufunguo wa mlango wangu mwenyewe. Miaka kumi na moja. Nalala sebuleni kwa binti yangu Mugure, nyuma ya pazia la maua, viatu vyangu chini ya meza yake.
Tuko wanafunzi sita. Mpinzani ni mmoja: Muthama, mtu wa Makueni, zamani kibarua wa machimbo ya mawe. Kitabu cha kozi hajakifungua. Mimi nimekisoma mara tatu, pamoja na faharasa.

Jumanne, 3 Juni.
Mbinu ya kwanza: kasi. Ngao ya uso inapoteza muda. Ukiishusha huoni kitu mpaka cheche iwake. Nikavaa miwani ya jua. Nthenya akaniuliza kama naenda harusi. Nikamjibu kwamba macho haya yamesoma kwa koroboi miaka hamsini, yamezoea mengi. Akanipokonya miwani. Nikangoja aende chai, nikachomelea bila chochote usoni. Mshono wa sentimita kumi na nne. Nimemaliza kabla ya Muthama.

Jumatano, 4 Juni.
Macho kama yamejaa mchanga. Sikulala. Naandika kwa kukisia mistari. Mugure amenifunga vipande vya kiazi machoni, akisema anamshukuru Mungu mama hayuko kuona haya. Muthama alikuja kunijulia hali, na maziwa. Akauliza: Mzee wa vitabu, huo ukurasa wa ngao uliuruka? Mugure akacheka. Alinicheka mimi, baba yake, mbele ya mgeni.

Jumamosi, 7 Juni.
Mtihani wenyewe: kuchomelea vishikio viwili juu ya pipa la lita mia mbili. Mapipa yetu yaliwahi kubeba petroli. Sharti la Nthenya: kwanza lijazwe maji hadi shingoni, maana mvuke wa mafuta hubaki ndani muda mrefu, nao ukipata cheche hulipuka. Lakini hii ni Kitengela. Punda wa muuza maji hajapita siku nne. Nthenya ameahirisha mpaka Jumatatu. Hakuna maji, hakuna moto. Muthama amekubali upesi mno, akakalia pipa lake na kula mahindi. Mvivu.
Nimetafakari. Nikiwa nimemaliza kabla Jumatatu haijafika, nani atabishana? Nimenusa pipa langu. Halina harufu yoyote. Nina mafua, lakini kidogo.

Jumapili, 8 Juni.
Niliingia karakana wakati wa ibada. Mlinzi alinifungulia kwa heshima ya mvi. Nilikuwa naandaa kishikio cha kwanza Muthama alipopita akitoka kanisani, koti limepigwa pasi, kitabu cha nyimbo kwapani. Hakupiga kelele. Alikuja akagonga pipa kwa kidole. Likalia kama ngoma, tupu. Akaniambia niache. Nikamwambia asinivuruge, nikagusisha rodi ya kuchomelea. Akanisukuma kifua, nikaanguka chali, naye akanyoosha mkono kuivuta waya ya mashine. Pipa likapasuka. Mfuniko ulitoboa bati la paa.
Mimi nyusi zimeungua. Muthama amepoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia. Nilikuwa navitafuta kwenye vumbi mpaka mlinzi akaniambia, mzee, acha tu.

Jumatano, 11 Juni.
Nimekwenda hospitali. Mkewe, Kathini, hakuitikia salamu. Muthama akaniuliza kama macho yangu yamepona. Nikasema yamepona. Kathini alitoka kumtafuta daktari. Chai ya Muthama ikapoa mezani. Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba ningeweza kumshikia kikombe.

Alhamisi, 12 Juni.
Nthenya amempa Muthama ufunguo. Nimeuliza, kwa adabu, mtu anafaulu vipi mtihani ambao hakuufanya. Akasema mtihani ulikuwa mmoja tu, na aliyegonga pipa ndiye aliyeufanya. Mimi nisirudi tena. Ananiheshimu kama baba yake, akasema, ndiyo sababu ananiambia polepole watu wasisikie.
Nimepekua kitabu chote. Hakuna mahali palipoandikwa kugonga.

Jumanne, 17 Juni.
Mugure ameenda kazini. Jirani yetu Githinji ameniazima mashine yake ya kuchomelea, nami nimepata pipa nyuma ya kituo cha mafuta. Nimelisukuma mwenyewe hadi barazani. Nikimpelekea Nthenya kazi iliyokamilika, vishikio viwili, mshono ulionyooka, atalazimika kunisikiliza. Kibanda kile kinatosha watu wawili. Muthama atahitaji mtu mwenye vidole.
Nakiri kosa langu. Mara ya kwanza niliamini pua. Msomi wa kweli hujifunza hata kwa mpinzani wake, kwa hiyo leo nimeligonga kwanza, kwa kidole, kama alivyofanya yeye. Mara tatu. Limelia vizuri sana, mlio mrefu, safi. Ndani hamna kitu.
Naanza.