Kabati Lililonukia Kafuri

Rogath, fundi wa Rau, alikuwa na kipaji ambacho Mungu hakukusudia. Aliweza kumuuzia mteja kabati la MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, lililovikwa ganda jembamba la mninga, akaapa kwa jina lake la ubatizo kwamba ni mninga mpaka moyoni. Ubao wake ulikuwa mnene, gundi haba, na skrubu alizipigilia kwa nyundo ili kuokoa muda.

Siku alipompelekea Mama Hilaria wa Kilema kabati la namna hiyo, harufu ya kafuri ilimsimamisha mlangoni. Sebuleni palikuwa na kabati kuukuu, zito, lisilo na ufa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Lile ni kabati la nini?"

"La nguo."

Mkulo! Rogath alimeza mate. Mkulo ndio mti wa mlimani unaonukia kafuri, na kuukata siku hizi ni kujitafutia kesi. Tena hoteli moja mjini ilikuwa ikimsubiri alete kaunta ya mkulo.

"Mama, lile limekwisha. Nipe nikalichome, nawe uchukue hili jipya bure."

"Bure? Aisee! Ila lile nimelizoea, baba. Labda uniongezee na huo msumeno wa umeme ulio kwenye pikapu."

Msumeno huo ndio uliokuwa ukimlisha. Hakuwa na mwingine.

"Wa nini, mama?"

"Wa kukatia mikungu ya ndizi. Panga linanichosha."

Rogath aliuma mdomo asicheke. Bibi wa kukata ndizi kwa umeme! Akaushusha msumeno, akapakia kabati kuukuu, akateremka mlima akipiga mluzi.

Alipofika Rau aliazima msumeno wa jirani, akalipasua. Badala ya maranda yalimwagika mavumbi laini, ya kahawia, kama unga wa ulezi. MDF! Pembe zilikatwa mshazari, ganda likakutana na ganda, ukingo usionekane. Ndani, vigingi vya mti vimekaza kama meno. Kutoka kwenye droo vikabingirika vidonge vya kafuri vya kufukuzia nondo.

Alipanda Kilema mbio. Mama Hilaria alikuwa barazani, amevaa aproni, kabati jipya amelifumua lote, na msumeno unanguruma.

"Mama, umeniibia! Lile si la mkulo!"

"Nani alitaja mkulo?" Akazima msumeno. "Shika hapa, baba, ubao usicheze. Nimefundisha useremala chuoni miaka ishirini na sita. Ubao huu hauna kosa. Kosa ni kiungo. Ukipigilia skrubu ukingoni, unapasuka kama mkate. Lile kabati nililiunga mwenyewe."

"Sasa mimi nitalifanya nini?"

Mama Hilaria alimtazama kwa huruma ya mwalimu.

"Si ulisema unakwenda kulichoma? Kwani limekataa kuwaka?"