Gundi Bado Haijakauka

Jumatatu, 6 Mei

Nimetoka kazini nikapitia dukani kwa Bi Karatasi. Nimenunua karatasi moja ya manila, nyeupe. Jana ilikuwa Jumapili, kafunga, siku nzima nilikuwa kama kuku aliyemwagiwa maji.

Ameniuliza leo, kwa upole wake ule, kwa nini sinunui pakiti nzima kama watu wengine. Nikamwambia chumba changu kina unyevunyevu, karatasi zinajikunja. Uongo mtupu! Chumba changu kikavu kama biskuti. Lakini nikinunua pakiti, kesho nitapeleka miguu yangu pale kwa sababu gani?

Hana mume. Mimi sina mke. Dada yangu, ninayeishi kwake, hana subira. Kila siku ananiuliza nimesema au sijasema.

Sijasema. Mchana napiga mihuri kwenye barua za masjala, jioni napiga mihuri ya maua kwenye kadi zangu. Nimewatengenezea watu kadi za wachumba, za wake zao, hata za mama wakwe wasiopendeka. Mtaa mzima umeoana kwa gundi yangu. Yeye sijamtengenezea hata moja. Mganga hajigangi.

Na pale jirani yake yupo Fotokopi, yule wa mashine ya kutoa nakala. Marashi yake yanatangulia, yeye anafuata. Leo alikuwa ameegemea kaunta ya Bi Karatasi, anacheka. Kacheka nini? Penseli zinachekesha?

Nimeamua. Wiki hii hii namtengenezea kadi itakayosema yote, nisiseme mimi.

Jumanne, 7 Mei

Nimeamka alfajiri nikafunga mashine yangu ya kukatia kadi kwenye meza ya Dada. Ni ya kuzungusha kwa mkono: unaweka karatasi, juu yake chuma chenye makali ya umbo unalotaka, unapitisha katikati ya roli mbili, umbo linatoka limekatika safi. Dada ananung'unika kwamba anakula vipande vya manila kwenye mkate. Nikamwambia karatasi haijawahi kuua mtu.

Moyo mwekundu ukatoka safi kabisa. Nikaupaka gundi. Nikageuka kutafuta muhuri wangu wa waridi, ule niliouchonga kwenye kifutio kwa wembe. Kurudi, moyo haupo! Nimetafuta chini ya meza, chini ya Dada, haupo. Nikaenda kazini nimenuna.

Jioni dukani, Bi Karatasi akanishika mkono. Mkono wangu! Nikahisi moto mpaka kwenye masikio. Kumbe moyo ulikuwa umeganda kwenye kiwiko cha shati, nimetembea nao siku nzima. Ndiyo maana mkuu wa masjala alikuwa ananitazama vile. Bi Karatasi akaubandua taratibu, akauweka kwenye kiganja chake, akaniuliza huu ni wa nani.

Nikamwambia ni taka tu.

Taka! Ulimi huu ningeuweka chini ya roli leo. Yeye akasema basi kama ni taka atauokota yeye. Akautia kwenye droo.

Sijalala mchana wala sitalala usiku.

Alhamisi, 9 Mei

Vita vimeanza. Asubuhi nimekuta bahasha imesukumwa chini ya mlango, jina langu juu kwa herufi kubwa. Ndani kadi. Si kadi, ni msiba! Moyo umekatwa kwa mkasi, upande mmoja umevimba kama shavu lenye jino bovu. Ua limepigwa kwa muhuri wa kiazi, nakijua kiazi mimi. Wino umetambaa. Pembeni kuna alama ya kidole gumba. Na manila yenyewe ya kijani, ile ile anayouza Bi Karatasi.

Sikuhitaji kupiga ramli. Ni Fotokopi! Anataka kuingia kwenye biashara ya kadi, sasa ananichokoza kwa sampuli. Tena manila kainunua kwake, apate kumwona. Mbinu zangu zote kaiba.

Jioni nikaipeleka dukani ili tuicheke pamoja, mimi na yeye. Nimeitamani hiyo siku nyingi, kucheka naye kitu kimoja. Nikaiweka kwenye kaunta. Akaitazama, hakucheka. Akaniuliza kama nimeifungua. Nikamjibu kwamba chungu kinachonuka moshi hakionjwi. Akaniuliza kasoro zake ni zipi. Hapo nikajiachia! Nikaeleza mkasi, kiazi, wino, gumba. Nikamwonyesha moyo ule ulivyovimba. Yeye alikuwa anapanga penseli ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Akasema labda ni mkono usiozoea. Nikasema basi uwaachie waliozoea.

Akasema kweli. Kisha akasema leo anafunga mapema. Jua bado liko juu! Labda kichwa kinamuuma. Nimerudi na kadi ile tu, bila karatasi. Siku isiyo na karatasi haina ladha.

Ijumaa, 10 Mei

Mashine imelegea, roli hazibani, chuma hakiumi karatasi. Dawa yake ni kuweka kitu chini, karatasi nene ya kujazia. Nikatafuta. Kadi ya Fotokopi si hii hapa? Angalau ipate kazi duniani. Nikailaza vile vile imekunjwa, juu yake manila yangu, juu yake chuma cha jani. Nikazungusha.

Imebana vizuri mno! Makali yamepita mpaka ukurasa wa juu wa kadi. Nimepata majani mawili, langu jeupe na lile la kadi yake, kijani. La kijani likanipendeza zaidi. Nyuma lilikuwa na mchoro mchoro wa kalamu, nikapaka gundi upande huo huo ili usionekane. Nimelibandika kwenye kadi moja ya kumuaga mtu. Imependeza, basi tu.

Sijakaa sawa, anagonga mlango nani? Fotokopi mwenyewe! Anataka kadi ya kumuaga mtu. Nikashika heshima ya kazi, sikuuliza ni nani. Nikampa ile yenye jani lake mwenyewe. Moyoni nimecheka mpaka mbavu. Nikamtupia fumbo, nikamwuliza viazi vyake vinaendeleaje. Akanitazama kama anayetazama mgonjwa. Mjanja huyo! Hata kope haikutikisika.

Kwa Bi Karatasi sikwenda, kadi yangu haijaisha. Lakini nilipita upande wa pili wa barabara, mara mbili hivi. Alikuwa anashusha vitu kwenye rafu. Nadhani anafuta vumbi.

Jumamosi, 11 Mei

Ole wangu.

Dada alikuwa anafagia chini ya meza. Akaokota ile kadi iliyotobolewa. Yeye haoni karatasi iliyokunjwa akaiacha, lazima aifungue. Akaniita kwa jina la utotoni. Dada akiniita hivyo, ujue kuna jambo.

Akanisomea. Nimeinakili hapa:

“Naondoka. Mdogo wangu kanitafutia duka kwao, naenda kuanza upya. Karatasi zako za moja moja nimeziona zote, mimi si mtoto. Kama una neno, njoo uniambie. Nitakusubiri dukani, peke yangu, siku ya”

Halafu tundu. Tundu la jani! Limekatika safi kabisa, sijawahi kukata safi namna ile.

Mwandiko naujua. Ndio ulioandikwa kwenye rafu za lile duka, nimeusoma mara ngapi kwa kukosa la kusema. Nimekaa chini sakafuni. Kiazi kile kakichonga yeye. Gumba lile ni lake. Na mimi nimesimama mbele yake nikimhesabia kasoro!

Dada akasema ninyanyuke, niende sasa hivi, duka si liko pale kona. Nikamwuliza niende vipi bila kujua siku? Nikienda siku isiyo yenyewe, si atajua kwamba nimemkata kata kadi yake? Kwanza jani lipatikane. Dada akanitazama kama anayetazama maziwa yaliyomwagika.

Nikapata mbinu. Nikaenda kwa Fotokopi alasiri hii, saa za watu kufunga kazi. Nikamwambia kadi niliyomuuzia ina hitilafu, airudishe kwa marekebisho bila malipo. Akasema keshaitoa asubuhi. Nikamwuliza kampa nani. Akacheka, akasema kampa jirani yake hapa, Bi Karatasi, si anahama. Kwani sikujua?

Nilishika ukuta. Nilipotoka nikajifunika uso kwa gazeti, nikapita mbele ya duka lake mbio mbio asinione. Bora aibu isubiri mpaka nipate la kumpelekea.

Jumapili, 12 Mei

Natengeneza kadi ya majibu. Si kadi ya kawaida. Mbele kuna mlango mdogo, umekatwa kwa chuma, unafunguka. Ndani ya mlango, waridi. Ndani ya waridi, neno lenyewe.

Dada kasimama mlangoni akaniambia mdomo hauhitaji gundi. Nikamwambia ananiziba mwanga.

Nimemkumbuka siku nzima. Jinsi anavyokunja karatasi yangu moja kama mzigo wa maana, anaifunga na kamba, wakati angeweza kunipa hivi hivi mkononi. Kamba zote ninazo. Zimejaa kwenye kopo la chai.

Jumatatu, 13 Mei

Nimeomba ruhusa kazini nikajipitisha dukani, kuangalia hali tu. Akaniona, akaniita. Rafu tupu. Fotokopi anabeba maboksi kwenda nje. Juu ya kaunta, ile kadi ya kuaga.

Jani la kijani lilikuwa limebanduka. Gundi yangu! Siku zote inashika isipotakiwa, siku inayotakiwa inaachia. Akaligeuza mbele yangu. Mwandiko wake mwenyewe: “Jumamosi, alasiri.”

Jumamosi alasiri. Nilikuwa wapi mimi Jumamosi alasiri? Nilikuwa hapo jirani, nyuma ya ukuta ule, namdai Fotokopi jani!

Akaniambia alinisikia. Alijua kadi sijaifungua, akatumaini nitaifungua. Akaisikia sauti yangu upande wa pili wa ukuta, akasema moyoni kwamba nakuja. Akajitengeneza kitambaa, akakaa. Kisha akaona gazeti linapita na miguu yangu chini yake.

Sikuwa na pa kuweka uso. Nikamweleza yote, mashine, roli, kujazia. Nilidhani atanifukuza. Akacheka! Akacheka mpaka akajifuta macho, nami nikacheka, tukacheka kitu kimoja. Kumbe ndivyo kulivyo. Sikutaka kuishe.

Halafu akaniuliza: sasa niko hapa, yeye yuko hapa, nina neno au sina.

Ninalo! Lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nikafungua mdomo, nikamwambia ninalo, ila liko kwenye kadi, na gundi bado haijakauka.

Akasema gari la mizigo linakuja jioni. Nikamwomba asubiri mpaka kesho. Akasema ameshasubiri. Hakusema kwa ukali, na hicho ndicho kimenikata. Akainama chini ya kaunta akatoa pakiti ya manila, nzima, haijafunguliwa. Akaniambia nichukue, sasa sitakuwa na haja ya kuja kila siku.

Nikamwambia asante.

Asante! Nikakimbia nyumbani kupuliza gundi.

Jumanne, 14 Mei

Imekauka. Mlango unafunguka bila kukwama. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivi.

Duka limefungwa kwa kufuli. Nimesimama pale na kadi yangu mpaka Fotokopi akanionea huruma, akanitolea kiti. Kumbe ana mke. Mke wake ndiye aliyemtuma kubeba maboksi, na kadi ile mke ndiye aliyeiagiza, na marashi pia ni mke anampulizia kwa lazima. Akaniambia Bi Karatasi kaacha maelekezo ya duka jipya, kasema yasipewe mtu mwingine ila mimi. Kabla ya kupanda gari alirudi mara mbili kuhakikisha. Si mbali, basi la asubuhi linafika mchana. Akaniambia, mwanamume mwenzangu, nenda.

Nimerudi, Dada keshanipigia pasi shati. Nauli kaiweka juu ya meza. Alinitazama tu, na macho yake yalikuwa yananiomba.

Nimevaa shati. Nimeshika kadi. Nikaenda nayo dirishani niitazame kwa mara ya mwisho kwenye mwanga.

Petali moja imeinama.

Si sana. Lakini nimeiona. Nami ndiye niliyesimama mbele yake nikausema moyo wake kwamba umevimba! Nimpelekee petali iliyoinama? Mimi? Haiwezekani.

Nimevua shati, lisichafuke gundi. Mabasi yapo kila siku. Safari hii nitaweka milango miwili, na waridi mbili, moja yake moja yangu. Dada kaenda chumbani kwake, kafunga mlango. Atanielewa akiiona.

Nimefungua ile pakiti. Bado ina harufu ya dukani kwake. Nimetoa karatasi moja, zilizobaki nimezifunga na kamba yake kama anavyofunga yeye. Nitatumia moja moja tu kwa siku, zisije zikaniishia haraka.